Nguzo ya Mhoja

"Shika nguzo, Mama! Isitupite!" Luhende akapaza sauti.

Dorotea akaikumbatia kwa mkono mmoja, mvua ikimchapa usoni. Ukungu ulikuwa mzito, mbele hapaonekani hatua tatu. Nyuma yake binti yake Kija alilala juu ya mbao za mtumbwi, uchungu wa kuzaa umemshika tangu alfajiri. Injini ilikuwa imezima katikati ya ziwa, kasia limechukuliwa na mawimbi. Luhende, mwenye mtumbwi, alichota maji kwa ndoo na kuyamwaga nje.

Dorotea akazungusha kamba mara mbili, akapitisha ncha chini ya mzunguko wa pili, akavuta kwa uzito wake wote.

"Hilo fundo la ng'ombe hilo," Luhende akasema.

"Ng'ombe wangu hajawahi kuchomoka. Wewe mwaga maji."

Nguzo waliijua. Ilivalishwa tairi la pikipiki, na kuizunguka palikuwa na matete: mwalo wa Mhoja, wanapofunga wote wanaotoka visiwani. Luhende akashusha mguu ili ambebe Kija. Ukazama hadi pajani. Akaurudisha upesi.

"Tope tupu, Mama. Hapa hatumpitishi."

Dorotea akampigia simu Maige, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye pikapu.

"Shemeji, njoo kwa Mhoja na wanaume wanne. Tumefunga kwenye nguzo. Kija anatoka damu."

"Nipo njiani, shemeji. Msiondoke hapo."

Waondoke na nini? Akashika rozari. Salamu Maria, Salamu Maria, hakuhesabu. Kila Kija alipolia, mama yake alilikagua fundo, maana hakuwa na kingine cha kumfanyia.

Polepole kamba ikalegea. Mtumbwi ukaacha kugombana na mawimbi, ukatulia kama mtoto mgongoni.

"Unaona, mwanangu? Mungu ametusikia."

Kija akaminya kidole cha mama yake, bila nguvu.

Simu ikaita.

"Shemeji, tumefika kwa Mhoja. Mko wapi?"

"Hapa hapa, kwenye nguzo! Hebu piga kelele tukusikie."

Maige akapiga kelele, na wanaume wanne wakapiga naye. Dorotea aliwasikia kwenye simu tu.

"Shemeji," Maige akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hapa ni maji matupu. Mhoja anasema matete yote yalimeguka jana, yakaelea ziwani na nguzo yake."