Viatu vya Fundi Saa

Asubuhi hiyo Bibi alishuka ngazi amekumbatia viatu vya watu waliokwisha kufa.

Vya fundi saa, vyeusi, vilivyolika upande mmoja kwa mwendo wake wa kuchechemea, alivipanga mlangoni ghorofa ya pili. Fundi alizikwa na majirani miaka saba iliyopita; mkewe alishaondoka zamani, kamshika mtoto wao mkono. Vya mkunga akaviweka ghorofa ya kwanza. "Visigino vyako, shoga yangu, vitanivunja mbavu," alinong'ona. Chini, kwa washonaji waliohama, akawasha redio.

Leo anakuja mpimaji wa manispaa. Jengo lenye kaya chini ya nne huandikwa gofu, na gofu hubomolewa. Bibi aliolewa humo, akazaa humo, akabaki humo peke yake. Akahamie wapi?

Mpimaji alifika saa nne na utepe wake. Kwa macho yake yenye ukungu, Bibi alimwona kama kivuli kirefu chenye adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ila taratibu, watu wamepumzika."

Akamwonyesha mwaka uliochongwa juu ya mlango. Akamsimulia habari za tajiri aliyewajengea mabinti zake wanne, kila mmoja ghorofa yake, akaacha uwazi katikati ili mwanga ufike chini na mabinti waitane madirishani.

"Wakaitana kweli?"

"Kutwa nzima. Hata sisi tuliitana."

"Na sasa?"

"Sasa watu wana simu."

Wakapanda. Ngazi za mawe zilikuwa zimebonyea katikati kwa nyayo za miaka mingi. Penye giza, mpimaji akakiruka kidato kilicholegea kabla hajaonywa.

"Miguu yako ina macho, wewe!" Bibi akacheka.

Kwa mkunga alisema, "Kakesha zamu, mwache alale." Mpimaji akaandika.

Ghorofa ya pili alisimama. "Na hapa?"

"Fundi saa. Usijisumbue kubisha, masikio yamekufa. Tena akilala huyo, hata paa lianguke."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo! Jana tu tumegombana, ananiambia saa yangu inachelewa kama mwenyewe."

Mpimaji akachuchumaa mlangoni. Akakaa hivyo muda mrefu. Bibi akakumbuka. Vumbi! Viatu vilikaa sandukuni miaka saba, naye kasahau kuvifuta.

"Unapima nini huko chini?"

"Kizingiti, bibi." Akakohoa. "Vumbi la humu linakaba."

Hakuomba kufunguliwa mlango hata mmoja. Walipofika kwa Bibi juu alikunywa maji, akashukuru, wakateremka pamoja hadi mlango wa mtaani. Hapo akaandika huku akisoma kwa sauti: "Kaya nne. Jengo linakaliwa."

Bibi akafunika mdomo kwa kanga. Amemweza! Msomi mzima, na utepe wake, kapigwa chenga na kikongwe. Akajikaza asicheke mpaka mgeni apotee.

Mpimaji alikwisha kuvuka kizingiti, akageuka.

"Bibi, baba akiamka, mwambie nilipita. Na viatu vyake nimevifuta."