Taulo la Shingoni

Mama alitandaza satini nyeupe mezani, akaiinamia bila lile taulo lake la jasho shingoni.

Tangu hedhi yake ilipokoma, joto lilikuwa likimpanda ghafla, na tone moja la jasho huharibu satini. Miaka miwili alikataa magauni ya maharusi, akashona mapazia tu, utadhani madirisha ndiyo yanayoolewa.

"Daktari kasemaje?" nilimuuliza.

"Miezi mitatu ya majaribio imeisha, vipimo viko sawa. Vile vidonge vya homoni niendelee au niache, uamuzi ni wangu."

"Na wewe umeamuaje?"

Mkasi ulipita toka pindoni hadi kiunoni bila kutetereka. Paji lake lilikuwa kavu.

Akalitoa taulo kikapuni mwa vitambaa vichakavu, akanirushia.

"Futa nalo mafuta ya cherehani, mwanangu. Bibi harusi anakuja Ijumaa."