Yangeyange, Kipimo cha Moshi

Katika mji wa viwanda, wanyama walimpa Yangeyange kazi ya kusimama juu ya paa kila asubuhi. Akiwa mweupe, watoto wao walitoka kucheza. Manyoya yake yakishika masizi, walibaki ndani.

Moshi ukazidi, Yangeyange akawa wa kijivu kila asubuhi. Wazazi wakachoka kukaa na watoto ndani.

"Wewe mchafu tu, huogi," Paka akamwambia.

"Nimeoga sasa hivi, bwana. Msikilize mwanao anavyokohoa."

Wakamfukuza, wakamweka Kunguru mweusi tii, ambaye kwake masizi hayakuonekana. Watoto wakacheza nje kila siku.

Siku Paka alipotoka kumzika mwanawe, alitazama paani. Kunguru alikuwa vilevile. Paka akawaambia wanawe waliobaki, "Haya, nendeni mkacheze."