Bakuli Asiloliagiza

Tangu mkewe alipomkuta stesheni mchana huo na kumvutia ndani ya mgahawa huu wa tambi, Kunihiko hakutulia kitini.

Kabla hajaagiza chochote, mpishi alimsukumia bakuli, yai juu, bila vitunguu.

"Asubuhi hukuja, mzee," alisema bila kuinua macho. "Nikajua umepata kazi, ukatutupa."

Vijiti vya kulia vilivyoshikamana, alivyokuwa akivitenganisha mkewe, vilikatika vibaya. Akaitazama tai aliyomfunga mumewe alfajiri, kama afanyavyo kila siku ya kazi.

"Baba watoto," akasema polepole.

Kaunta nzima watu walikuwa wakifyonza tambi kwa kelele, kama ilivyo ada. Kunihiko akainamia bakuli, akafyonza kwa kelele kuwashinda wote, asije akasikia neno linalofuata.