Wali wa Matanga

Siku hizi watu hawaendi msibani. Kila mtu hutuma sauti yake tu, na spika za ukutani kwa mfiwa hulia kwa niaba yake, kwa adabu, bila kukwaruza. Mume wangu alipofariki, mtaa mzima ulilia ukutani kwangu na mikeka ikabaki mitupu. Nami, mjinga wa mazoea, nilikuwa nimepika sufuria kubwa ya wali.

Jioni nikaufunua ule wali. Umepoa, hakuna aliyeonja. Nikaangua kilio changu mwenyewe, cha makamasi na kwikwi. Binti yangu Salha akatoka chumbani mbio. Nikamnyooshea mikono.

Akanipita, akaongeza sauti ya spika.

“Mama, jikaze,” akanikemea. “Majirani watakusikia.”