Mgeni na Daraja Bovu

Kijitu chekundu kwenye skrini kilikufa mara tano kabla fundi hajakaa vizuri.

"Mbona kinakimbia hivyo?" nesi aliuliza.

"Mchezo una miaka thelathini, mama. Ulizoea kompyuta za kukokota miguu. Hii mpya haijui kusubiri."

"Basi ifundishe. Una nusu saa, mgeni yuko njiani."

Fundi alifungua programu inayoifanya kompyuta mpya ijifanye kuukuu, akapunguza mwendo kidogo kidogo mpaka kijitu kikatembea kama mtu. Akajaribu vitufe. Herufi mbili za kushoto kabisa, kutembea. Mshale wa kulia kabisa, kuruka. Mbele kulikuwa na daraja bovu, akaliruka kwa taabu, mikono yote miwili ikimtoka jasho.

Nesi alimwondolea kiti, akaburuta benchi la jikoni na kuliweka mbele ya kompyuta. Mlango wa chumba cha pili aliuacha wazi. Humo alilala bibi, mama yake mzazi, macho hayaoni tena lakini masikio mazima.

Mjomba wa nesi alikuwa amesimama dirishani, amefunga mikono kifuani. "Wawili walishakuja wakijidai mwanawe aliyepotea. Wakalia, wakamkumbatia, kumbe waongo. Tumeshaumwa na nyoka, sasa hata ung'ongo unatushtua. Wa tatu atamuua dada yangu."

"Ndiyo maana leo sitaki machozi," nesi alisema. "Majibu ya vinasaba kutoka maabara ni wiki tatu. Mama hana wiki tatu. Jina la baba, kovu la goti, hayo hata majirani wanayajua. Lakini kaka yangu alipotea ana miaka kumi, na hakuna siku daraja hili lilimshinda."

Mgeni aliingia, mtu mzima mwenye upara, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. Alisalimia kwa sauti ndogo. Alipouona mchezo akameza mate. Akakaa ukingoni mwa benchi, upande wa kushoto, kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Vuka daraja," nesi alimwambia. "Likikushinda, mlango ule pale."

Fundi akamwonyesha vitufe. Mgeni akaitikia kwa kichwa.

Kijitu kikatembea mpaka darajani, kikatumbukia.

Kikaanza upya, kikatumbukia tena. Mara ya tatu vilevile. Mgeni hata hakuugusa mshale. Mkono wake wa kulia ulilala pajani.

Mjomba akachekea puani. "Mtoto wa chekechea angeruka. Bwana wee, wewe tapeli mvivu. Wenzako angalau walijiandaa."

Fundi aliangalia sakafu. Aliwahi kutengeneza vitu vingi vikaleta ugomvi, lakini si hivi. Kwenye chumba cha pili kitanda kililia. Bibi alikuwa anajaribu kuinuka.

"Ni yeye?" sauti yake iliuliza.

Mgeni akakianzisha tena kijitu.

Mara ya nne. Kikatumbukia.

"Yatosha." Mjomba akamshika mgeni bega. "Inuka, kabla dada yangu hajaizoea sauti yako."

"Mwache, Mjomba."

Nesi akasogea. Alimwinamia mgeni mpaka akaona jasho likimteremka shingoni.

"Kitufe umeonyeshwa. Mbona huruki?"

Mgeni hakuondoa macho kwenye kile kijitu.

"Nitarukaje na wewe hujakaa?" alisema. "Mimi natembea, Dada. Anayeruka ni wewe."