Mwenzake wa Mguu wa Tano

Ukutani kwa fundi Kihiyo ilitundikwa miguu minne ya bandia ya mti, yote ya Bi Mwanakheri muuza maandazi. Wa kwanza ulimchubua. Wa pili ulilia kama bawaba kavu, watoto wakamcheka. Wa tatu uliteleza matopeni, na wa nne ulimchosha kwa uzito. Kila aliporudi na maneno yake makali, fundi alimsikiliza, akachonga upya. Wa tano aliutia ngozi laini juu na mpira wa tairi chini, na mwaka mzima mama hakuonekana.

Asubuhi hii akamwona anakuja, amemshika bintiye bega.

"Haya mama, sema. Leo umeniletea kosa gani?"

"Leo sina kosa. Huu hata kuuvua usiku nasahau."

Fundi akacheka. "Basi umekuja kunishukuru. Maajabu hayo."

"Nimekuja uuchongee mwenzake."

Binti akageuza uso. Bi Mwanakheri akapandisha kanga, akaonyesha mguu wake mzima. Haukuwa mzima tena. Vidole vilifungwa kitambaa, na juu ya kitambaa ngozi ilikuwa nyeusi.

"Ni kisukari kilekile kilichoula mwenzake. Wanaukata Alhamisi," akasema. "Nikaona nije mapema, uupime ungalipo. Ule mwingine ulikuta umeshakatwa, ukakisia tu."

Fundi akapiga magoti na kamba yake ya kupimia, akaizungusha chini ya goti. Mguu ulikuwa na joto.

"Usikaze sana, mwanangu. Huo bado unasikia."

Kamba ikabaki mkononi mwake, haijafungwa fundo la kipimo.